Wahasibu wa Sanduku la Kufuli Tatu

Kilwa, mtu anaweza kuvua pweza au kulima ufuta hadi akafikia utu uzima, ndipo akakabidhiwa fedha za watu. Shahada haiulizwi. Wenzake wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, wanajua anavyolipa madeni na anavyotunza amana, basi humchagua kuwa mweka hazina.

Vikoba vilienea pwani hii kwa msukumo wa shirika la uhifadhi la WWF, ambalo katika mpango wake wa Rufiji, Mafia na Kilwa lilitaka familia za wavuvi zipate mitaji ya shughuli nyingine ili bahari ipumue. Chimbuko ni Niger, mwaka 1991, shirika la misaada la CARE lilipoanzisha vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa.

Kazi ya mweka hazina ni nzito. Sanduku lina kufuli tatu, kila ufunguo na mshikaji wake. Mweka hazina hulaza sanduku nyumbani kwake lakini hana ufunguo. Hisa hununuliwa hadharani, fedha zikahesabiwa kwa sauti, katibu akaandika. Tuseme mwanachama amekopa shilingi 100,000 kwa miezi 3, kwa riba ya asilimia 5 ya mkopo wote kila mwezi: atarejesha 115,000. Mama anayepiga hesabu hizo kwa wanachama 30, mkutano baada ya mkutano, hadi siku ya mgao kila mtu akapata haki yake, anafanya kazi ya benki, na anastahili kuheshimiwa hivyo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, SACCOS, viko katika la tatu. Aliyezoea daftari la kikoba anaweza kusogea huko, au kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa ufuta na korosho, au akafungua kibanda cha wakala wa fedha za simu akiwa na mtaji wa floti.

Anayetaka cheti cha uhasibu ana Taasisi ya Uhasibu Tanzania, tawi la Mtwara. Ngazi ya kwanza huhitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Ambaye hakusoma sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, kisha hufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kinachowakwamisha wengi ni safari na ada: mama mwenye watoto kisiwani Songosongo hawezi kuhamia Mtwara. Masomo hayo yangefaa kufundishwa jioni Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, wanakoishi wanaoyahitaji.