Je, Wajua? Oili Huchakaa Hata Gari Likiwa Limelala

Lita moja ya petroli ikiungua ndani ya injini huzaa takriban lita moja ya maji. Maji hayo hayatoki kwenye rejeta wala kwenye mvua. Ni haidrojeni iliyomo kwenye petroli yenyewe, ikikutana na oksijeni ya hewani. Injini ikiwa imepata moto, karibu yote hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke na hakuna anayeyatazama mara mbili. Injini ikiwa bado baridi, sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni, huteremka hadi kwenye sampu, na huko hupoa na kurudi kuwa matone juu ya chuma na ndani ya oili.

Hapo ndipo yanapoanza madhila ya gari la zamani linalokaa majuma bila kwenda popote. Mwenye nalo analipenda, amelifunika turubai, na kila Jumamosi huliwasha dakika tano ili betri isife. Dakika tano hizo huiumiza oili kuliko kama gari lingeachwa limezimwa. Choki imevutwa, kabureta inamimina petroli nyingi kuliko inayoweza kuungua, na ile iliyobaki huosha kuta za silinda kisha hushuka kuifanya oili kuwa nyepesi. Maji nayo yanaingia. Oili huchelewa kupata moto, na bila safari ya nusu saa hivi barabarani haifikii joto la kuufukuza unyevu huo. Injini inazimwa, na mchanganyiko wa oili, maji, petroli na asidi za mwako unabaki umelala juu ya beringi hadi Jumamosi nyingine.

Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta chini yake ute wa rangi ya maziwa, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi imeungua. Chukua Volkswagen Beetle, ile ya injini nyuma: haina rejeta, haina hata tone la maji ya kupozea, na ute huo huonekana vilevile. Maji yake yametokana na mwako na unyevu wa hewa, basi.

Beetle nimeitaja kwa makusudi. Ni gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na zilizobaki leo nyingi ni za Jumapili na za harusi. Injini yake pia inaonyesha kazi ya oili waziwazi kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Inabeba lita 2.5 tu. Haina filta ya oili kama magari ya sasa, ina chujio la wavu wa chuma chini ya sampu. Na kwa kuwa hakuna maji, oili haina mwenzake wa kusaidiana naye isipokuwa upepo wa feni: inalainisha na inapoza kwa wakati mmoja.

Sasa tazama kemshafti yake. Ina nundu nne tu, ilhali injini ina valvu nane. Kila nundu inasukuma tapeti mbili, moja kila upande. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 1,500, na kila nundu imesukuma mara 3,000. Tapeti zenyewe ni bapa, hazina gurudumu. Chuma kinasuguana na chuma kwenye mstari mwembamba wenye mgandamizo mkubwa kiasi cha kuikamua oili itoke. Pale oili inapokamuliwa, kinachoinusuru nundu ni kiambata chenye zinki na fosforasi ambacho wanakemia hukiandika ZDDP. Kimekuwa kikitiwa kwenye oili tangu miaka ya 1940. Kwa joto na msuguano hujenga juu ya chuma ngozi ngumu ya kioo yenye unene wa nanomita 100 hivi, nyembamba mara mamia kuliko unywele. Ngozi hiyo ndiyo inayolika badala ya chuma, kisha hujijenga tena. Mimi huona ni moja ya kazi nzuri kabisa ambazo kemia imewahi kuifanyia mashine.

Ila fosforasi ni adui pia. Ikifika kwenye masega yaliyo ndani ya ekzosi ya gari la kisasa huyafunika na kuyaua, nayo yakashindwa kusafisha moshi. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2004 viwango vya Marekani vya oili nyepesi za injini za petroli, kama 5W-30, vimeweka ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08. Injini za siku hizi zimeundwa kuishi na kiasi hicho. Beetle haina masega, ina tapeti bapa. Kwa hiyo anayeingia dukani akachukua kopo la bei kubwa kuliko yote, la 0W-20 au 5W-30 jipya kabisa, akidhani analienzi gari lake, amelinunulia ulinzi wa gari jingine. Ukomo ule hauzibani oili nzito za 15W-40 na 20W-50, na ndiyo maana wenye magari ya kale huzielekea. Hata hivyo soma kopo, kwani uzito peke yake hauhakikishi kiasi cha zinki.

Na hizo namba? W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake hueleza oili inavyotiririka kwenye baridi kali. Inayofuata hueleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili ya 20W hupimwa uwezo wa kuwasha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi ya Julai pale Njombe haikaribii huko, sembuse Tanga au Mombasa. Kulipia 0W pwani ni kununua kinga ya baridi isiyokuja.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Ndani ya Beetle mna valvu ya mgandamizo: oili ikiwa nzito mno, valvu hufunguka na kuirudisha bila kuipitisha kwenye kipoza oili. Inayobaki nzito muda mrefu hukosa kupozwa huku injini inapata moto. Injini nzima, isiyovuja wala kutoa moshi wa buluu, ningeipa 15W-40. 20W-50 ningeiwekea injini iliyochoka, ambayo taa yake ya oili humemeta ikiwa ya moto.

Oili za sintetiki zimesingiziwa kwamba hutoboa sili. Za sasa hazitoboi. Husafisha uchafu uliokuwa umeziba nyufa za sili kongwe, na uvujaji uliojificha hujionyesha. Kwa gari linalokwenda kilomita chache kwa mwaka sioni haja ya kuzilipia. Fedha hiyo itumike kubadilisha oili ya kawaida mapema. Rangi nyeusi isikutishe, maana ni dalili kwamba visafishaji vinashika masizi. Asidi ndizo zisizoonekana, nazo hazisomi mita ya kilomita. Kwa hiyo hesabu miezi: mara moja kwa mwaka, hata kama gari limetembea kilomita 400.

Badilisha kabla ya kuliegesha kwa muda mrefu, usingoje siku ya kulitoa. Liendeshe kwanza hadi oili iwe ya moto, ndipo uimwage, ili uchafu utoke nayo. Kwenye Beetle fungua nati sita za sahani ya chini, osha wavu, weka gasketi mpya. Usizikaze kwa nguvu. Bloku ni ya aloi ya magnesi na nyuzi zake huchanika. Jaza oili safi, lizungushe tena barabarani ili oili mpya ifike kila beringi, kisha lizime. Betri ichomoe waya. Hapo hutakuwa na sababu ya kuliwasha Jumamosi.