Bima kwa Vyuo vya Ufundi vya Hisani: Mkono wa Mwanagenzi na Mfuko wa Pamoja (Sehemu ya Tatu)

Taarifa zinazoendelea kutolewa kuhusu ujenzi wa vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) katika wilaya za Tanzania, zikiandamana na mazungumzo juu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, zinalirudisha mezani swali lililoachwa wazi mwishoni mwa sehemu ya pili ya makala haya, nalo ni hili: mwanagenzi wa chuo cha hisani akikatwa vidole na msumeno wa umeme, ni nani anayemlipa, kwa mkataba gani, na kutoka mfuko upi? Maana ya ada ya bima, utaratibu wa kuwasilisha dai na tofauti ya bima kubwa na bima ndogo ya gari vilikwisha kuelezwa, kwa hiyo havitarudiwa hapa. Inatosha kukumbuka kwamba chuo cha hisani ni kile kinachoendeshwa na dhehebu la dini, shirika lisilo la kiserikali au bodi ya wadhamini, ambacho ziada yake yote, ikiwapo, hurudi kwenye mafunzo.

Vyuo vya namna hii si wageni katika nchi hii, kwani ufundi wa karakana ulifundishwa kwa hisani muda mrefu kabla Serikali yoyote haijautungia sheria. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza kazi Unguja, walihamishia makao yao Bagamoyo mwaka 1868, na huko watoto waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kilimo, useremala, uhunzi na uashi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na pwani ya Mrima, kikang'oa mikarafuu, kikavunja vyombo bandarini na kuharibu vibaya majengo ya misheni hiyo. Yaliyojengwa tena yalijengwa kwa sadaka zilizoombwa Ulaya, kwa sababu hapakuwa na mkataba wowote uliomlazimisha mtu yeyote kulipa. Jambo hilo linastahili kutafakariwa kwa uzito, kwani bima ya bahari ilikuwa na umri wa karne nyingi, na wafanyabiashara wa London walikuwa wakiiuza na kuinunua tangu mwishoni mwa karne ya 17 katika duka la kahawa la Edward Lloyd. Shehena ya pembe za ndovu iliyokuwa ikipakiwa Unguja iliweza kukatiwa bima hadi ifike Ulaya, ilhali mtoto aliyeshika nyundo Bagamoyo, ambaye utu wake ulikuwa umenunuliwa upya kwa fedha za waumini, hakuwa na kinga hata ya siku moja.

Historia iliyofuata haikutofautiana sana na hiyo. Shule ya Serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikuwa na karakana pamoja na mtambo wa chapa, ambao kuanzia mwaka 1904 ulichapa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, na kwa hiyo sehemu ya maandishi ya mwanzo ya lugha hii katika magazeti ilitoka kwenye shule iliyofundisha kazi za mikono. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na baadaye wakapajenga kuwa mojawapo ya vituo mashuhuri vya ufundi kusini mwa nchi, lakini misheni yao ya kwanza ilichomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Hata kama Wabenediktini wangekuwa na hati ya bima ya moto siku ile, yaelekea wasingepata kitu, kwa kuwa vita na maasi ni miongoni mwa mambo ambayo bima ya moto huyatenga, yaani huyataja waziwazi kuwa hayamo katika kinga. Mwenyekiti wa bodi anayetia saini hati ya bima pasipo kusoma ukurasa wa mambo yaliyotengwa hafanyi makosa madogo. Ameweka amana ya watu wengine mahali asipopajua.

Ulaya yenyewe ilichelewa kumtambua mwanagenzi. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali za wafanyakazi mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897 kwa sheria ya fidia ambayo, pamoja na ile iliyoipanua mwaka 1906, ilimhesabu mwenye mkataba wa uanagenzi kuwa sawa na mfanyakazi wa mshahara. Hata hivyo sheria hizo zilimlinda mwanagenzi aliyekuwa kwa mwajiri, si yule aliyekuwa shuleni, na ilipasa kungoja hadi mwaka 1971 ndipo Ujerumani ikawaingiza wanafunzi wa shule, wa vyuo na watoto wa shule za chekechea katika bima ya ajali inayosimamiwa na sheria, kwa hoja iliyo wazi kwamba anayejifunza kazi hukabiliwa na hatari za kazi kabla hajapata ujira wake. Ni hoja ya haki, na inashangaza kwamba imechukua muda mrefu kusikika katika nchi nyingi ambazo vijana wake hushika mashine wakiwa na umri wa miaka 16.

Hali ya Afrika Mashariki ya leo inafanana na pengo hilo. Kenya, katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, imemweka mwanagenzi ndani ya tafsiri ya mwajiriwa. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao mwajiri huuchangia kwa kiwango kinachokokotolewa kutoka kwenye mishahara anayolipa. Mkufunzi wa chuo cha hisani, mlinzi wake na mpishi wake wamo katika Mfuko huo, lakini mwanafunzi asiyepokea mshahara haonekani katika hesabu ya mchango, na mtu wa kujitolea aliyekuja kufundisha uchomeleaji kwa miezi mitatu yumo katika hali hiyohiyo ya mashaka. Bima ya afya nayo, hata itakapomfikia kila mtu, hulipa matibabu. Haikutungwa kumfidia kijana ambaye jeraha limepona huku uwezo wake wa kufanya kazi aliyoisomea ukiwa umepotea, na ndiyo maana chuo kinahitaji bima ya ajali ya kundi, yaani mkataba mmoja unaotaja wanafunzi wote na kulipa kiasi kilichokubaliwa kwa kifo, ulemavu wa kudumu na gharama za matibabu, iwe ajali imetokea karakanani au kwenye gereji alikopelekwa mwanafunzi kwa mafunzo kwa vitendo.

Zaidi ya hiyo kuna bima ya dhima, inayolipa pale chuo kinapodaiwa kwa uzembe uliomdhuru mtu mwingine, kama vile mteja ambaye kitanda alichotengenezewa na wanafunzi kimevunjika na kumjeruhi. Kuna bima ya gari la mafunzo ya udereva, ambayo isiposema wazi kwamba dereva ni mwanafunzi inaweza kukataliwa siku ya ajali. Kuna dhima ya wadhamini wenyewe kwa maamuzi yao, na kuna madai yatokanayo na unyanyasaji katika mabweni, ambayo hati nyingi huyatenga na ambayo kwa hiyo yapaswa kuulizwa kwa jina lake bila aibu.

Katika bima ya moto, ugonjwa mkubwa wa vyuo vya hisani ni thamani ya chini. Mashine nyingi ni za msaada, hazina hati ya mauzo, na bodi huziandika kwa bei ndogo ili ada ipungue. Bima nyingi za mali zina kanuni ya wastani, maana yake ni kwamba mwenye mali aliyeikatia bima nusu tu ya thamani yake huhesabiwa kuwa amejibebea nusu ya kila hasara: karakana ya shilingi milioni 200 iliyokatiwa bima kwa milioni 100, ikiunguliwa na vitu vya milioni 40, italipwa milioni 20 tu. Tena Sheria ya Bima ya mwaka 2009, iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), inataka ada ilipwe kabla kinga haijaanza, kwa hiyo chuo kinachongoja fedha za mfadhili huku hati ya zamani imekwisha muda wake kiko wazi kabisa kwa siku zote hizo.

Dawa ya matatizo hayo imekuwako kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, nayo ni bima ya pande zote, ambamo wanaokatiwa bima ndio wenye mfuko. Mwaka 1752 Benjamin Franklin na wenzake wa Philadelphia waliunda chama cha kukatiana bima ya moto, na kabla nyumba haijaingizwa ilikaguliwa dohani, kuta na ngazi zake, na ada ikapangwa kwa kadiri ya hatari iliyoonekana. Chama hicho kilikuwa kikali kiasi kwamba mwaka 1781 kilikataa nyumba zilizozungukwa na miti, na waliokataliwa wakaunda chama chao mwaka 1784 chenye alama ya mti wa kijani. Uingereza ilipata ofisi ya bima ya Kanisa la Anglikana mwaka 1887, na huko California, baada ya kampuni za kibiashara katikati ya miaka ya 1980 kupandisha ada za bima ya dhima au kuyakimbia mashirika ya hisani, mashirika hayo yaliunganisha hatari zao mwaka 1989 na kuanza kujikatia bima yenyewe. Thamani kubwa ya mipango hii imo katika ukaguzi, kwani mfuko ulio wa wanachama wenyewe una sababu ya kudai kinga ya chuma kwenye msumeno, miwani kwa mchomeleaji na swichi ya dharura ukutani, na kidole kilichookolewa ni bora kuliko kidole kilicholipiwa.

Tanzania haina udhuru wa kulipuuza jambo hili. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na Kenya ina kampuni ya bima iliyozaliwa na vyama vya ushirika. Shirika la Bima la Taifa (NIC), lililoanzishwa mwaka 1963 na kupewa biashara yote ya bima Tanzania Bara baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, lilifundisha kizazi kizima cha watu wa fani hii kabla soko halijafunguliwa mwaka 1996. Kuunda kampuni mpya kunahitaji leseni na mtaji ambao vyuo havina, lakini hakuna kinachozuia vyuo hamsini vya Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, au vya taasisi za Kiislamu, au vya pande zote mbili kwa pamoja, kumteua dalali mmoja wa bima na kudai hati moja ya kundi. Chuo chenye wanafunzi 40 hupokea bei kama ilivyotajwa, ilhali vyuo vingi vikiwa pamoja vinaweza kuijadili bei, masharti na mambo yaliyotengwa.

Muhula mpya huanza Januari. Kila bodi ya chuo cha hisani na iiandikie WCF na kampuni yake ya bima kabla ya siku hiyo, iulize kwa maandishi kama mwanafunzi, mwalimu wa kujitolea na mwanagenzi aliye nje kwa mafunzo wamo katika kinga, na isiwashe mashine hata moja kabla jibu halijafika.