Treni ya vizibo vya soda

Ukitaka kujua barabara ya Mabamba inapitisha nini, watazame watoto wakitoka shule. Kuna Fuso la waya lenye bodi ya maboksi. Kuna lori ambalo matairi yake yamekatwa kwenye ndala kuukuu. Kuna Land Cruiser ya mabua yenye mlingoti wa antena, mfano wa zile za mashirika ya kuhudumia wakimbizi wa kambi ya Nduta. Usukani ni waya mrefu unaopanda hadi kifuani, na dereva hutembea nyuma ya gari lake akinguruma kwa mdomo na kubadilisha gia kila anapofika mlimani. Kata hii ya Wilaya ya Kibondo iko mpakani na Burundi, magari ya mizigo na ya misaada yamepita hapa miaka mingi, na mtoto huunda anachokiona.

Ndiyo maana treni ni nadra katika karakana hizi za uani. Reli ya Kati iko mbali kusini, Uvinza na Kigoma, na kuifikia kutoka Mabamba ni safari ya kupitia Kibondo na Kasulu. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuona behewa hata moja isipokuwa kwenye picha.

Hiyo ni hasara, maana treni inafundisha jambo ambalo Fuso la waya haliwezi kulifundisha. Gari la waya ni mali ya mtu mmoja. Likiwa pana kupita la jirani hakuna kinachoharibika, kwa kuwa barabara inameza yote mawili. Treni haina huruma hiyo. Haina usukani, njia ndiyo inayoiongoza. Magurudumu yakizidi upana wa reli kwa upana wa kidole, safari imekwisha kabla ya kuanza. Na behewa la mmoja lisipokamatana na kulabu ya mwenzake, kila mtu atabaki na sanduku lake. Anayejenga treni ndogo hulazimika kukubaliana na wengine kwanza, ndipo ashike koleo.

Wazee wanaocheza

Katika nchi za Ulaya na Marekani, treni za mezani zimewashika watu wazima, wengi wao wastaafu, wanaotumia mwisho wa wiki kupaka rangi vistesheni na kupanda miti ya urefu wa kidole. Historia ya burudani hiyo ni historia ya vipimo. Mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni za kuchezea zenye reli za upana maalumu, kila upana na namba yake. Mzazi aliyenunua kipande cha reli mwaka huu aliweza kuongeza kingine mwaka ujao, navyo vikaungana.

Wamarekani walipita njia hiyohiyo kwa shida zaidi. Viwanda vilikuwa vingi, na kichwa cha treni cha kiwanda kimoja hakikuweza kuvuta behewa la kingine. Mwaka 1935 wapenzi wa reli ndogo walikutana mjini Milwaukee wakaunda chama cha kitaifa, NMRA, ambacho kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kuweka viwango: upana wa reli, umbo la gurudumu, kimo cha kulabu. Tangu hapo mtu aliyejenga chumbani kwake aliweza kubeba behewa lake mfukoni, akaenda kwa rafiki yake na kulipandisha relini.

Ulaya wakasogea hatua nyingine. Kikundi cha FREMO, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilieneza mtindo wa kila mwanachama kujenga kipande kimoja tu cha mandhari: mmoja daraja, mwingine kiwanda, mwingine shamba la ngano. Ncha za vipande hivyo hufuata kipimo kimoja. Wakikodi ukumbi, hukaa na kuviunganisha, na reli inayotokea ni ndefu kuliko nyumba ya yeyote kati yao. Kisha huendesha treni kwa ratiba, kukiwa na stesheni masta na karatasi za mizigo, kana kwamba kuna mtu anasubiri saruji yake upande wa pili.

Kwa ukubwa hakuna anayewafikia mapacha Frederik na Gerrit Braun, waliofungua Miniatur Wunderland mjini Hamburg mwaka 2001. Reli zao zina urefu wa zaidi ya kilomita 15, katika uwiano wa 1 kwa 87. Piga hesabu: Reli yetu ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ni kilomita 1,250 hivi. Ukiigawa kwa 87 unapata kilomita 14 na kidogo. Maonyesho hayo ya Hamburg yana reli ya kutosha kutandika njia yetu yote, kuanzia bandarini hadi ziwani, bila kuruka hata kituo.

Anayedhani huo ni utoto atazame Chuo cha MIT, Marekani. Klabu ya reli ndogo ilianzishwa pale mwaka 1946. Kundi moja la wanachama halikujali sana miti na vistesheni. Lilizama chini ya meza, kwenye nyaya na swichi za simu zilizotumika kuongoza treni. Baadhi yao walihamia kwenye kompyuta za kwanza chuoni hapo wakawa miongoni mwa waandishi wa programu wa mapema duniani. Steve Russell, aliyeongoza uundaji wa mchezo wa kompyuta Spacewar mwaka 1962, alitoka kwenye klabu hiyo.

Meli iliyokuja kwa maboksi

Kigoma nayo ina kisa chake cha kuunganisha vipande, tena kikubwa kuliko meza yoyote. Reli ya Kati ilifika Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Mwaka mmoja kabla, kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilikuwa kimeunda meli iitwayo Graf von Götzen, kikaiunganisha kwa bolti ili kuhakikisha kila bati linakaa mahali pake, kisha kikaibomoa yote. Vipande vilipakiwa katika maboksi yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo vikapanda treni kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg walivifuata, na pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika na Wahindi wakavipigilia ribiti kando ya ziwa. Meli iliteremshwa majini Februari 1915.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi wasije wakaiacha mikononi mwa adui, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Mei 2015, ikiwa na miaka mia moja majini, ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka ufukwe wa Kagunga hadi Kigoma mjini. Wengi wao waliishia katika kambi za nyanda hizi, Nyarugusu huko Kasulu na Nduta hapa Kibondo.

Reli nayo haijawahi kuwa ngeni kabisa kwa watu wa huku. Wakati wa ukoloni, nyanda hizi za Buha zilihesabiwa kuwa shamba la nguvukazi. Vijana wa Kibondo na Kasulu walishuka milima kwa miguu wakapanda mabehewa ya Reli ya Kati kwenda kukata mkonge upande wa mashariki. Kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao ulisimamiwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Babu aliyekuwa manamba aliijua treni kwa sauti yake, kwa moshi wake na kwa idadi ya usiku aliolala ndani yake. Mjukuu hajairithi kumbukumbu hiyo.

Mita moja, sentimita tano

Treni za viwandani ni ghali, na hakuna sababu ya kuziagiza. Vifaa vipo Mabamba. Kinachotakiwa ni uwiano unaohesabika bila kikokotoo, nao ni 1 kwa 20. Katika uwiano huo kila mita ya kweli inakuwa sentimita 5 kwenye rula ya mwanafunzi. Reli ya Kati ina upana wa mita moja. Yetu itakuwa na sentimita 5 kamili. Mtu wa kimo cha mita 1.6 anakuwa kisanamu cha sentimita 8. Reli ya kisasa ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inakuwa karibu sentimita 7 na milimita 2. Liemba yenyewe, yenye urefu wa mita 71 hivi, ingehitaji mita tatu na nusu za sakafu ya darasa.

Magurudumu yanaokotwa nje ya duka. Gurudumu la treni lina ukingo wa ndani unaolizuia kutoka relini, na kizibo cha soda, chenye meno yake 21 yaliyochanuka, kinao ukingo huo tangu kiwandani. Shida ni kupata katikati yake. Kata duara la karatasi linaloenea juu ya kizibo, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo pa kutoboa. Ekseli ni spoku kutoka kwa fundi baiskeli. Hapa kijana aliyezoea magari ya waya atakutana na tofauti ya pili: kwenye gari lake, magurudumu huzunguka juu ya ekseli iliyotulia. Kwenye treni, magurudumu mawili hukazwa kwenye ekseli na vyote huzunguka pamoja. Yasipokazwa, umbali kati yake utachezacheza na behewa litaanguka.

Reli zenyewe zinaweza kuwa waya mnene wa uzio au fito nyembamba za mwanzi, zikipigiliwa juu ya vijiti vya urefu wa sentimita 10 vinavyosimama badala ya mataruma. Milima hutengenezwa kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa muhogo. Anayetaka mwendo bila kusukuma kwa mkono atatafuta mota ya redio ya kaseti iliyokufa, mpira wa tyubu wa kuizungusha ekseli, na betri.

Mandhari nayo yanataka uchaguzi. Katika 1 kwa 20, njia yote ya Dar hadi Kigoma ingehitaji zaidi ya kilomita 60 za reli ndogo, kwa hiyo hata mwenye ari kubwa hana budi kufupisha. Wajuzi wa mchezo huu huchagua sehemu chache zinazotambulika na kuacha pori liwe fupi. Kwa upande wetu zipo: stesheni ya Kigoma waliyoijenga Wajerumani na ziwa lake, Uvinza na chumvi yake, daraja la Mto Malagarasi, Kaliua njia inapochepuka kwenda Mpanda, na Tabora inapogawanyika kwenda Mwanza.

Kabla ya treni ya kweli

Kujenga treni hizi kuna haraka yake. Mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa reli iliyojengwa na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba na wakandarasi wa China wa kujenga reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye madini ya nikeli ya Burundi. Reli hiyo ikikamilika, nchi hizo mbili zitakuwa na upana mmoja wa njia. Uzito wa hilo wanaujua watu wa Kidatu, ambako Reli ya Kati ya milimita 1,000 inakutana na reli ya TAZARA ya milimita 1,067. Kwa sababu ya milimita 67, mzigo hushushwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inataka elimu ya amali, na shule nyingi zitalalamika, kwa haki, kwamba karakana hazina. Treni ya vizibo haihitaji karakana. Inahitaji mwalimu mmoja wa hisabati, fundi baiskeli mmoja, na wazazi watakaoacha kumwambia kijana wa miaka 15 kwamba amekuwa mkubwa mno kwa magari ya waya. Umri huo ndio ambao mikono yake imepata utulivu wa kutoboa katikati ya kizibo, na ndipo tunapomnyang'anya koleo.

Kianzio ni kibao kimoja kilichochongwa pembe mbili zenye sentimita 5 kati yake, na maelezo ya kimo cha kulabu nyuma yake. Kila shule ijenge ubao wake wa mita moja na nusu, na mandhari inayoyataka: Mabamba soko lake la mpakani, Kasulu mashamba yake ya maharage, Kakonko barabara yake. Nakala ya kibao hicho ivuke mpaka na kufika Gisuru, Burundi, ili wa huko nao wajenge ubao wao. Likizo ikifika, mbao zibebwe juu ya pikipiki na kuunganishwa katika ukumbi mmoja wa Kibondo. Ambaye ubao wake hautakubali kuungana atajua mwenyewe ni milimita ngapi alizopuuza, na atakuwa na muhula mzima wa kuzirekebisha.