Je, wajua? Moshi wa trekta kukuu hutaja ugonjwa wake

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi wala cheche? Huwasha mazutu kwa kuibana hewa tu. Katika Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa mwaka 1964 na ambalo bado linalima Afrika nzima, pistoni za injini ya Perkins ya silinda tatu huibana hewa mpaka ikae katika sehemu moja tu ya 18 hivi ya nafasi iliyokuwa nayo. Hewa iliyobanwa ghafla namna hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 400, na mazutu hushika moto yenyewe kabla ya nyuzi 250. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyebuni jambo hilo. Alipewa hataza mwaka 1893, na mwaka 1897 injini yake ikapimwa mjini Augsburg ikaonekana inafaa.

Ndiyo maana trekta kukuu lisilowaka si fumbo kubwa kama linavyoonekana. Lina madai machache: hewa safi, kuibana hewa hiyo sawasawa, kuzungushwa kwa kasi ya kutosha, na mazutu yasiyo na maji wala hewa ndani yake. Moja likikosekana, injini haingurumi.

Bwegera, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Sange na Luvungi, fundi ana bahati moja: hawezi kudanganywa na baridi. Wakulima wa Uingereza waliteseka sana asubuhi za baridi na Massey Ferguson 35 za kwanza zenye dizeli ya silinda nne, mpaka kampuni ikaziacha na kuweka Perkins ya silinda tatu. Huku Bwegera, katika Bonde la Ruzizi, joto ni la mwaka mzima. Mwinuko nao ni mdogo, kama mita 900, na hewa imepungua shinikizo kwa asilimia 10 tu ukilinganisha na pwani. Lipandishe trekta hilohilo Minembwe, kwenye zaidi ya mita 2,000, hapo utapoteza karibu robo ya shinikizo hilo, na injini iliyochakaa itaanza kulalamika. Lakini likikataa kuwaka Bwegera, tafuta ugonjwa wenyewe.

Kabla ya kushika spana, tazama vitu vya mkono. Kishikizo cha kuzimia kikibaki kimevutwa, pampu haitoi hata tone. Bomba la tangi huenda limefungwa. Wenzo wa gia za juu na chini usipokuwa katikati, demareri ya matrekta mengi ya aina hii haigeuki kabisa, kwa kuwa waundaji walitaka kumlinda dereva asikanyagwe na trekta lake. Injini zimewahi kufunguliwa bure kwa ajili ya vitu hivi vitatu.

Kisha zungusha injini na utazame dohani. Moshi ndio shahidi mkuu. Usipotoka moshi wowote, mazutu hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe, mazutu yanafika lakini hayaungui. Moshi mweusi wakati wa kuwasha mara nyingi ni hewa haba, na chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi ndilo la kutazamwa kwanza. Wa bluu ni mafuta ya injini yanayopenya na kuungua.

Katika bonde letu, ninaamini kisa cha kutokuwa na moshi ndicho cha kuzoeleka zaidi, na chanzo chake huwa hewa ndani ya mabomba ya mazutu. Injekta haifunguki mpaka isukumwe kwa shinikizo la zaidi ya mara 150 ya hewa tunayovuta. Mazutu hayakubali kubanwa, kwa hiyo pampu ikisukuma upande mmoja, injekta hufunguka upande wa pili. Hewa hubanwa. Povu dogo likiingia njiani, pampu hulisukuma, povu husinyaa kisha hujitanua tena, na injekta haihisi chochote. Trekta lililoachwa limalize mazutu hadi tone la mwisho hujaza hewa humo, na kulijaza tangi tena hakuiondoi.

Kuitoa si kazi ngumu. Legeza skurubu iliyo juu ya chujio, kisha tumia kile kiwenzo kidogo cha pampu ya kuvutia mazutu, usukume mpaka mazutu yatoke bila mapovu, ndipo ukaze. Kiwenzo kikiwa kilegevu kama hakijashika kitu, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Kamu ilikuwa imekishikilia. Endelea hivyo kwenye skurubu za pampu yenyewe, moja baada ya nyingine. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye injekta huku mwenzako akiigeuza injini, ukiweka viganja mbali, kwa maana mazutu yenye shinikizo hupenya ngozi na huweza kusababisha jeraha la kukatwa kiungo. Mara nyingi trekta huwaka kabla nati ya tatu haijakazwa. Likizima tena baada ya dakika chache, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Kikivuta pumzi, tundu lake limeziba kwa vumbi au kwa nyumba ya nyigu wa matope.

Adui wa pili ni bidoni. Mazutu yanayouzwa kando ya barabara hupita mikono mingi, na kila mkono huongeza vumbi au maji kidogo. Sehemu za ndani za pampu hupishana kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, nazo hulainishwa na mazutu yenyewe. Maji yakiingia, huota kutu na kukwama. Pia ipo kuvu inayoishi pale maji na mazutu yanapokutana chini ya tangi. Hula mazutu na kuacha utandu mweusi unaoziba chujio.

Moshi mweupe hukupeleka kwingine. Anza na batri, kwa sababu joto la huku huziua batri mapema na kukausha maji yake. Injini ikizunguka polepole, hewa hupata muda wa kupoteza joto lake kwenye kuta za silinda. Safisha vichwa vya batri na ule waya wa mwilini unaosahaulika kila mara. Ikizunguka vizuri na bado haiwaki, pima mbano. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya injini kwenye tundu la injekta na upime upya: mbano ukipanda, ringi zimekwisha, usipopanda, tazama valvu.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Wapo wanaoshika tambara lililolowa petroli, wakaliwasha mbele ya njia ya hewa, au kupuliza etha. Etha hulipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja ringi na pistoni. Petroli tunaijua. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, mwendo mfupi kutoka Bwegera, na moto wake ukaua watu zaidi ya 200. Petroli isikaribie kabisa injini inayokataa kuwaka.

Yote haya yanazihusu pia mashine za kusaga mihogo na kukoboa mpunga katika vijiji visivyo na umeme, maana injini zake nazo ni dizeli. Ndugu msomaji mwenye trekta au mashine, chuja mazutu kwa kitambaa kizito, yaache yatulie usiku kucha kabla ya kuyamimina, na ujaze tangi jioni ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji ndani. Na mtu yeyote akitaka kuifungua pampu yako shambani, kwenye vumbi, kabla ya kutoa hewa na kubadili chujio, mkatalie.