Tezi Iliyokosa Damu: Ugonjwa wa Sheehan na Mama Aliyebadilika Baada ya Kujifungua

Mama aliyejifungua, akatokwa na damu nyingi, akaongezewa damu na hatimaye kuruhusiwa kurudi nyumbani, huhesabiwa na wengi kuwa amekwisha kuvuka. Faili lake hufungwa, jamaa humshukuru Mungu, na siku za arobaini huanza kuhesabiwa. Lakini kwa baadhi ya akina mama hawa, madhara ya saa ile moja ndiyo kwanza yanaanza, wala hayaanzii katika mfuko wa uzazi. Huanzia kichwani, katika tezi isiyozidi punje moja ya mbaazi.

Dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka. Siku ya tatu hupita, ya tano, ya kumi, na matiti hayajai. Uji wa pilipili manga hupikwa, mtori hupikwa, mtoto huwekwa titini usiku na mchana, na maziwa hayaji. Miezi hupita na hedhi hairudi, jambo ambalo halimshtui mtu, maana kukosa hedhi baada ya kuzaa si ajabu. Kisha huja uchovu usiokwisha kwa usingizi. Mama huona baridi wakati wenzake wanajipepea. Nywele za kwapani na za sehemu za siri zikinyolewa hazioti tena. Ngozi hukauka, weusi wa chuchu hupauka, sauti huwa nzito. Aliyekuwa mchangamfu sokoni hushinda kimya mlangoni, hana hamu ya chakula, ya mume, wala ya maongezi.

Kila mtu huipa hali hiyo jina kwa kadiri ya ajuavyo. Mama mkwe husema ni uvivu, jirani husema ni chango, mganga huona mkono wa mtu, na mume hudhani amechukiwa. Zahanatini mambo si afadhali sana: leo hupewa vidonge vya kuongeza damu, mwezi ujao dawa ya malaria, mwakani huambiwa ana sonona. Wagonjwa wengi duniani hukaa hivi kwa miaka, wengine zaidi ya kumi, kabla ya mtu kuwauliza jambo moja tu: siku ulipojifungua, damu ilitoka kiasi gani?

Tezi yenyewe ni pituitari. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa, na uzito wake ni kama nusu gramu. Vitabu vya zamani viliiita mkuu wa tezi zote, sifa ambayo kwa kweli si yake. Pituitari ni tarishi. Amri hutoka juu yake kidogo, katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo hupokea habari za njaa, kiu, joto, mwanga wa mchana, hofu na usingizi, kisha huzigeuza habari hizo kuwa homoni. Pituitari huzipokea na kutuma homoni zake kwa tezi ya shingo, kwa tezi zilizo juu ya figo, kwa ovari, kwa matiti. Tezi hizo nazo hutoa homoni zinazorudi hadi ubongoni na kuueleza kwamba kilichoagizwa kimetosha. Mazungumzo hayo hayakatiki maisha yote, na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa tabia ya mtu, yaani uchangamfu wake, hamu zake, wepesi wake wa kuamka asubuhi, hutegemea yaende sawa.

Kunyonyesha ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mtoto anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo kwenye haipothalamasi. Kwa kawaida ubongo huizuia pituitari isitoe prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na kizuizi chenyewe ni kemikali iitwayo dopamini. Mtoto akinyonya, dopamini hupungua na prolaktini hupanda. Papo hapo haipothalamasi huachilia oksitosini kupitia sehemu ya nyuma ya pituitari, na homoni hiyo huzikamua tezi za maziwa. Ndiyo maana mama aweza kuloa blauzi kwa kusikia tu mtoto akilia chumba cha pili, na ndiyo maana hofu au maumivu makali huweza kuyazuia maziwa yasishuke. Titi hunyonyeshwa na ubongo.

Namna ubongo unavyoiamuru pituitari haikujulikana upesi. Geoffrey Harris wa Uingereza alishikilia kwamba amri hizo hupita katika vijishipa vya damu vinavyoshuka kutoka haipothalamasi hadi sehemu ya mbele ya tezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye na Dora Jacobsohn waliwaondoa panya pituitari zao na kuwapandikizia nyingine. Zilizopandikizwa mbali na haipothalamasi zilizubaa. Zilizowekwa chini yake, mahali ambapo vijishipa vile vingeweza kuzifikia, zilifanya kazi tena. Roger Guillemin alitumia bongo za kondoo na Andrew Schally bongo za nguruwe, zote kwa wingi usio wa kawaida, kutafuta kemikali zenyewe za amri. Mwaka 1977 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Rosalyn Yalow aliyevumbua njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu.

Vijishipa hivyo ndivyo udhaifu wa tezi hii. Sehemu ya mbele ya pituitari hupata karibu damu yake yote kupitia kwao, na damu hiyo hupita kwa msukumo mdogo. Wakati wa ujauzito tezi hukua sana, kwa kuwa seli za prolaktini huongezeka kujiandaa kwa kunyonyesha, ilhali njia za damu haziongezeki kwa kiasi hicho. Mama akipoteza damu nyingi na shinikizo la damu likaporomoka, tezi iliyokua ndiyo inayokaukiwa mapema. Seli zake hufa, na zikifa hazirudi. Sehemu ya nyuma, yenye mshipa wake yenyewe, kwa kawaida husalimika.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina ni Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya uzazi ya Glasgow, mwaka 1937. Wengine walikwisha kuona pituitari zilizokufa kabla yake, lakini yeye ndiye aliyezichunguza maiti za akina mama waliokufa baada ya kujifungua, akaonyesha kwamba kiasi cha tezi kilichoharibika kilikwenda sambamba na damu iliyopotea. Leo ugonjwa wa Sheehan ni nadra katika nchi tajiri. Umebaki kuwa ugonjwa wa mahali ambapo benki ya damu iko mbali, gari la wagonjwa halina mafuta, na mama hufika hospitali akiwa amekwisha kupauka.

Dalili zake hufuata homoni zilizopotea, nazo huonekana kwa kawaida pale ambapo robo tatu hivi ya tezi imekwisha kuharibika. Prolaktini ikikosekana, hakuna maziwa. Homoni zinazoamsha ovari zikikosekana, hedhi na hamu ya tendo la ndoa huondoka. Tezi ya shingo isipoamriwa, mwili hupoa na fikra huwa nzito. Lililo hatari zaidi ni kukosa kortisoli, homoni ya tezi za juu ya figo. Kwa mtu mzima wa afya, kortisoli hupanda kuelekea alfajiri, kabla hata hajafumbua macho, na hupanda tena mwili unapopatwa na homa, jeraha au upasuaji. Ndiyo inayoshikilia sukari na shinikizo la damu wakati wa shida. Asiye nayo huweza kuishi miaka kwa udhaifu tu, akiitwa mvivu, mpaka siku anapopata malaria ya kawaida au kuharisha, akazimia na kufa kwa maradhi ambayo jirani yake ameyapona kwa siku tatu.

Ni kweli kwamba kukosa maziwa kuna sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hutatuliwa kwa kumsaidia mama kumshikisha mtoto titi vizuri. Ni kweli pia kwamba sonona baada ya kujifungua ipo na inahitaji tiba yake. Kinachomtofautisha mgonjwa wa Sheehan ni mkusanyiko wa mambo: damu nyingi wakati wa uzazi, maziwa yasiyokuja kabisa, hedhi isiyorudi. Mhudumu anayeyasikia matatu haya kwa mgonjwa mmoja asimwandikie tena vidonge vya madini ya chuma na kumwaga.

Katika vipimo upo mtego unaowanasa hata wazoefu. Vituo vingi hupima TSH peke yake kuichunguza tezi ya shingo. TSH hutoka pituitari. Tezi hiyo ikiwa ndiyo mgonjwa, jibu laweza kuwa la kawaida au la chini, na mhudumu akaandika kwamba hakuna tatizo. Thairoksini yenyewe lazima ipimwe. Kortisoli hupimwa asubuhi, yapata saa mbili. Sodiamu na sukari huwa chini mara nyingi, na vipimo hivyo viwili hupatikana hata katika hospitali za wilaya. Picha ya MRI, inapopatikana, huonyesha kishimo cha mfupa kilichobaki karibu kitupu, lakini kukosekana kwa MRI si sababu ya kuchelewesha tiba ya mgonjwa ambaye historia yake imekwisha kusema.

Tiba ni kurudisha kilichopotea, na sehemu kubwa yake ni vidonge vya bei nafuu. Mpangilio wake ndio usiotaka mzaha: kortisoli hutangulia, kwa haidrokotisoni au prednisoloni, na thairoksini hufuata. Thairoksini ikitangulia, huuharakisha mwili utumie kortisoli ambayo haipo, na mgonjwa huweza kuporomoka ghafla. Homoni za kike huongezwa hadi karibu na umri wa ukomo wa hedhi, na anayetaka mtoto mwingine huweza kusaidiwa katika hospitali kubwa zenye wataalamu. Wagonjwa wengi huogopa prednisoloni kwa kusikia kwamba hunenepesha na kuharibu mifupa. Hofu hiyo inahusu dozi kubwa zinazotolewa kwa maradhi mengine. Hapa hutolewa kiasi kile tu ambacho mwili ungejitengenezea.

Kinga huanzia chumba cha kujifungulia, na kuna jambo la kupendeza hapo: sindano ya oksitosini, ambayo kila mama anastahili kuchomwa mara mtoto anapotoka, ni nakala ya homoni ya ubongo wake mwenyewe. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia miaka 2 baadaye. Huharibika kwa joto, hivyo hutakiwa kutunzwa katika jokofu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nijeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa shuka maalumu yenye alama, badala ya kuikisia kwa macho, na kutoa tiba zote kwa pamoja mara damu inapozidi, kulipunguza kwa asilimia 60 utokaji damu mkali pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nao.

Kwa mama ambaye tayari anatumia dawa, yapo mambo machache ya kushikwa na jamaa zake wote, kwa kuwa siku ya hatari huenda yeye mwenyewe asiweze kusema. Dawa ya kortisoli haiachwi ghafla, hata mfungo wa Ramadhani au Kwaresima ukiingia. Kwanza azungumze na daktari. Akipata homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu kama alivyoelekezwa, hadi apone. Akitapika na vidonge visikae tumboni, hakuna kusubiri kupambazuke: apelekwe kituo cha afya achomwe haidrokotisoni miligramu 100 na kutundikiwa dripu ya chumvi na sukari. Na katika pochi yake, pamoja na kadi ya bima, ikae karatasi iliyoandikwa jina la ugonjwa na la dawa, kwa maandishi makubwa ambayo muuguzi wa zamu ya usiku ataweza kuyasoma.