Nembo bila nambari ni mchoro tu

Usiku mmoja nilichomeka koili kwenye ekstensheni niliyonunua mtaani. Dakika chache hivi, harufu ya plastiki ikajaa keja. Nilizima stima mbio, lakini soketi ilikuwa imeyeyuka na ukuta umekuwa mweusi. Kwa plot yetu, mlango wangu ukishika moto, yote inaenda.

Kilichoniuma ni kwamba ilikuwa na nembo ya KEBS. Kumbe chini ya nembo hakukuwa na nambari yoyote.

Msee, angalia hapo kwanza. Bidhaa ya Kenya huwa na nambari ya kibali chini ya nembo. Ya kutoka nje huwa na stika ya ISM yenye nambari yake. Kabla ulipe, tuma SM#, ikifuatwa na nambari ya kibali, kwa 20023. Jibu lisipolingana na boksi, rudisha.

Kwa friji, tafuta pia lebo ya EPRA yenye nyota, moja hadi tano. Nyota nyingi, stima kidogo. Friji haizimwi usiku, kwa hivyo tofauti utaiona kwa tokeni.

Mimi niliokoa mia mbili. Karibu zinilaze nje.