Jenereta ya kVA 100 haitoi kW 100

MFANYABIASHARA anayeagiza jenereta ya kVA 100 akitarajia kuendesha mashine za kW 100 atakuwa amepungukiwa na kW 20 kabla mzigo haujatoka bandarini. Jenereta nyingi za fezi tatu hupimwa kwa pawa fakta ya 0.8, hivyo kVA 100 ni sawa na kW 80 tu.

Pawa fakta ni uwiano kati ya umeme unaofanya kazi hasa (kW) na umeme wote unaobebwa na nyaya (kVA). Mota za vinu, kompresa za majokofu na taa za mirija zenye choki huhitaji umeme wa kujenga sumaku ndani ya koili. Umeme huo huenda na kurudi bila kusaga hata punje moja ya mahindi, lakini hupasha nyaya moto na kula nafasi ya jenereta.

Taa za LED za bei ya chini nazo zimo. Balbu ya wati 10 yenye pawa fakta ya 0.5 huvuta VA 20. Mita ya nyumbani huhesabu uniti tu, kwa hiyo bili haipandi. Mwenye duka anayewasha balbu 100 kwa inveta ndiye atakayeshangaa, maana anahitaji VA 2,000, si 1,000.

Kwa wenye maghala ya ubaridi, hasara huonekana kwenye ankara. Nchini Tanzania, TANESCO huwatoza wateja wakubwa mahitaji yao ya juu kwa kVA, mbali na uniti walizotumia. Ghala la kW 70 lenye pawa fakta ya 0.7 hudai kVA 100. Kapasita zikiipandisha hadi 0.95, hushuka hadi takriban kVA 74. Kazi hiyo apewe fundi anayeijua, kwani kapasita zikizidi, hasa kwenye jenereta, volti hupanda na kuunguza vifaa.

Kabla ya kulipa, soma kibao cha kila mota. Pawa fakta huandikwa cos φ. Acha pia nafasi ya kuwashia, kwa sababu mota inayowashwa moja kwa moja huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida. Muulize muuzaji kama kVA anazotangaza ni za kazi ya kudumu au za dharura. Za dharura huwa kubwa zaidi, na ndizo hupendwa kuandikwa kwenye matangazo.